Sauti Imefika, Fahamu Haijafika

Mbebe ni kata ya wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, katika pembe ile ya nchi ambako Mto Songwe ndio mpaka baina yetu na Malawi. Na mtoto azaliwaye huko, lugha ya kwanza kuingia sikioni mwake aghalabu ni Kilambya au Kindali, lugha ambazo majirani wa ng'ambo ya mto nao huzisema bila ya kujali ramani, ilhali Kiswahili hukutana nacho gulioni, ibadani na redioni, kisha shuleni, ambako kinakuwa ndicho mlango wa pekee wa kila ilimu atakayoipata katika miaka yote ya elimu ya msingi. Mtoto huyo, akipata mwalimu mwenye subira, huweza kuzitambua herufi na silabi mapema mno, kwani hati yetu ina unyofu usiopatikana katika hati za lugha nyingi: neno hutamkwa kama lilivyoandikwa, na ajuaye silabi zake anaweza kulitamka hata neno ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe. Hapana shaka kuwa hii ni neema. Lakini neema hiyo hiyo imetughafilisha, wazazi, walimu na wakubwa wa elimu pamoja, maana tumsikiapo mtoto wa darasa la nne akiisoma sahifa nzima kwa sauti iliyonyooka, bila ya kukwama, tunahukumu kuwa amekwisha jua kusoma, tukamhamishia kwenye somo jingine, na hatuulizi iwapo yale aliyoyatamka yamepita kinywani tu au yamefika akilini.

Atakaye kuliona jambo hili kwa macho yake na afanye jaribio dogo. Na aandike ubaoni sentensi hii, ambayo nimeitunga mwenyewe na ambayo haina maana yoyote: Mlepo alidofya mabweso kando ya lusigwe, kisha akayapeleka kwa nduguze. Halafu na aulize: Nani aliyedofya mabweso? Mlepo. Aliyadofya wapi? Kando ya lusigwe. Alipokwisha kuyadofya aliyapeleka kwa nani? Kwa nduguze. Darasa zima litanyosha mikono, na kila jibu litastahili alama ya vema, wala hapana hata mtoto mmoja ajuaye mabweso ni kitu gani wala kudofya ni kufanya nini. Sarufi ya lugha yetu, kwa viambishi vyake vilivyopangika, humwonyesha mtoto ni nani aliyetenda na ni nini kilichotendwa hata pale neno lenyewe lilipo giza kwake. Na maswali ya ufahamu yaliyo mengi katika madaftari ya madarasa ya kati ni ya namna hii hii, ya kuitafuta sentensi ndani ya habari na kuinakili, hata mtoto akahitimu darasa la saba akiwa hodari wa kunakili na fakiri wa kufahamu.

Yapasa kusema kwa insafu kuwa suala la kusoma halikupuuzwa katika nchi hii. Mwaka 2012, taifa liliposikia kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza walikuwa hawajui kusoma wala kuandika, fadhaa iliwashika watu wote. Na wale wa utafiti wa Uwezo, waliokuwa wakipita nyumba hata nyumba kuwasomesha watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, walikuwa wamekwisha kutoa habari kwamba wengi wa darasa la tatu hawakuiweza. Ndipo mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipogeuzwa mwaka 2015, masomo yakapunguzwa, na nguvu zikaelekezwa katika zile K tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu. Na hilo lilikuwa tendo jema, la kushukuriwa. Lakini mtoto asiyeweza kutamka neno huonekana na kila mtu, naye huhesabiwa katika taarifa. Ama mtoto atamkaye yote akafahamu nusu, huyo hana safu yake katika daftari lolote la shule; hupanda darasa hata darasa pamoja na wenzake, akisifiwa kwa sauti yake, hadi siku ya mtihani wa mwisho, au hadi kidato cha kwanza, ambako Kiingereza huja kuongeza giza juu ya giza.

Darasa la tatu na la nne ndipo mambo yanapogeuka. Hadi hapo mtoto alikuwa akisoma ili ajue kusoma, na habari alizopewa zilikuwa za mama, ng'ombe, shamba na paka, maneno ambayo aliyasikia kwa masikio kabla ya kuyaona kwa macho; tangu hapo anatakiwa asome ili ajue mambo mengine, na vitabu vya sayansi, jiografia na uraia vinamjia na mmomonyoko, mvuke, angahewa, katiba na mapato, maneno ambayo hapana mtu wa nyumbani kwake aliyepata kuyasema wakati wa kula wala wakati wa kupalilia. Jeanne Chall wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanamke aliyetumia umri wake katika kuchunguza jinsi watu wajifunzavyo kusoma, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba kusoma huenda kwa daraja, na baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kuwa watoto wa kimaskini huko Marekani, waliokuwa sawa na wengine katika madarasa ya mwanzo, walianza kubaki nyuma walipolikaribia darasa la nne, na jambo la kwanza kuwaelemea lilikuwa maana za maneno ya kitaalamu na yasiyo ya kila siku. Ikiwa ndivyo kwa mtoto ambaye lugha ya shule ndiyo lugha ya mama yake, basi mzigo wa mtoto wa Ileje, ambaye hata yale maneno mepesi ya Kiswahili aghalabu hakuyapata nyumbani, ni mzito zaidi, na yeye hakuutaka wala hakuuchagua.

Wataalamu wa lugha, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wamekadiria kwa uchunguzi wao katika Kiingereza kwamba msomaji, ili aielewe habari peke yake bila ya kusaidiwa, sharti ajue maneno yapatayo 98 katika kila 100. Sidai kuwa hesabu hiyo ni ile ile katika Kiswahili, ambacho maneno yake yana maumbile mengine. Lakini muradi wake ni dhahiri, nao ni kwamba maneno machache tu yasiyojulikana yatosha kuivunja habari nzima, kwani yale yasiyojulikana aghalabu ndiyo yaliyobeba maana, na yanayojulikana ni na, kwa, ya na kisha. Sasa tazama dawa tunayoitoa. Habari ikiisha, mwalimu huandika ubaoni maneno mapya na kisawe kimoja kimoja: ghadhabu ni hasira, azma ni nia, adhimu ni kubwa. Watoto hunakili, hukariri, na baada ya wiki mbili yote yamekwisha potea, wala si kwa ubovu wa akili zao, bali kwa sababu neno halikai kichwani kwa kuonwa mara moja katika orodha. Neno hukaa kwa kukutana na mtu mara nyingi, leo katika hadithi, kesho katika somo la sayansi, kesho kutwa katika kinywa chake mwenyewe anapojibizana na mwenziwe.

Fauka ya hayo, lugha yetu ina hazina ambayo madarasa yetu huiacha bila ya kuifungua. Maneno ya Kiswahili huzaliana kwa jamaa, na ajuaye shina moja amekaribia kujua ukoo mzima. Chukua pata: kutoka hapo mna patikana, patana, patanisha, mpatanishi, upatanisho, mapatano, pato, kipato, na lile mapato lililomtisha mtoto katika kitabu cha uraia. Mwalimu akitumia robo saa kwa wiki kuchora ubaoni ukoo wa shina moja, huku watoto wenyewe wakitaja wana na wajukuu wake na kutunga sentensi kwa kila mmoja, atakuwa amewapa kitu ambacho orodha ya visawe haiwezi kuwapa abadani, yaani uwezo wa kulikabili neno wasilolijua na kulidhani kwa hoja. Hili halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu, na mwalimu wa Mbebe anaweza kulianza Jumatatu hii.

Lakini maneno hayakai hewani; neno ni jina la kitu au la jambo, na asiyekijua kitu hulishika jina lake kwa shida. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Marekani waliosomeshwa habari ya mchezo wa besiboli: wale waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wakiujua mchezo vema waliikumbuka na kuieleza habari ile kuliko wale waliohesabiwa kuwa wasomaji hodari lakini mchezo hawaujui. Kumbe ufahamu ambao tunaunena kana kwamba ni kipaji kimoja, mtu anacho au hana, kwa sehemu kubwa ni maarifa aliyokwisha kuwa nayo juu ya jambo linalosomwa. Mpe mtoto wa Tunduma, penye mpaka wetu na Zambia, habari ya forodha, ya ushuru na ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, naye ataisoma kama mtu mzima, kwani ndiyo maisha ya mtaani kwake; mpe habari ya jahazi, ya tanga na ya pepo za kusi, naye atatamka kila neno asione kitu. Simaanishi kuwa watoto wa bara wanyimwe bahari, kwani Kiswahili kimelelewa pwani na asiyeijua pwani hukosa sehemu kubwa ya utamu wake. Namaanisha kuwa bahari sharti ifundishwe kwanza, kwa picha, kwa ramani na kwa masimulizi, ndipo isomwe.

Wazee wetu wa kisomo cha watu wazima walilijua jambo hili. Mradi wa majaribio ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria tangu mwaka 1968 hadi 1972, makao yake yakiwa Mwanza, haukuwapa wakulima vitabu vya silabi tupu: mkulima wa pamba alisomea katika kitabu cha pamba, wa migomba katika kitabu cha migomba, na mvuvi katika kitabu cha uvuvi, na kwa njia hiyo kila neno lililoandikwa lilimkuta mtu ambaye kitu chenyewe alikwisha kukishika kwa mikono. Kampeni ya taifa iliyofuata ilieneza mwendo huo nchi nzima, na kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki karibu 10 kwa kila 100. Yamkini hesabu hizo zinaweza kubishaniwa, lakini njia ile ilikuwa sawa, na ni ajabu kubwa kwangu kuwa tuliitumia kwa baba na mama tukaisahau kwa mwana.

Kwa mfano wa jambo hilo, natazama wilaya jirani ya Mbozi, ambako katika kilima cha Marengi kimelala kimondo, pande la chuma lenye urefu wa mita zipatazo tatu, lililoshuka kutoka angani katika zama ambazo hapana azijuaye, na ambalo ulimwengu wa nje ulilisikia mwaka 1930 ijapokuwa wenyeji walilijua kabla ya hapo. Mwalimu wa darasa la tano aitakaye habari ya kusomesha hana haja ya kwenda mbali. Siku ya kwanza asifungue kitabu: awaulize watoto ni nani amepata kuona nyota ikikatiza angani usiku, awaache waeleze, kila mmoja kwa lugha aliyo nayo, kisha yeye awasimulie. Siku ya pili awasomee kwa sauti yake habari ya kimondo iliyo ngumu kuliko ile wanayoweza kuisoma wenyewe, akisimama penye msuguano kuwaonyesha viganja vinavyosuguliwa vikapata joto, na penye mvuto akiangusha chaki sakafuni. Siku ya tatu wasome wao. Siku ya nne yaje maswali, lakini yasiwe ya kunakili.

Aulize hivi: kitu kizito namna ile kikianguka kutoka angani tungetazamia kuona shimo kubwa, na pale hapana shimo, je, limekwenda wapi? Jibu halimo katika sentensi yoyote moja. Mtoto hana budi kuunganisha mvua na upepo na udongo unaohama na miaka mingi mno, ajenge hoja yake, aitoe mbele ya wenziwe, apingwe, ajitetee. Mmoja atasema labda watu walikibeba wakakiweka pale, na hilo nalo ni wazo la kupimwa: ni watu wangapi wangekiinua, na kwa nini? Kisha aulize kwa nini wazee hawana kisa cha siku ile kimondo kilipoanguka. Robo saa ya mjadala wa namna hiyo, ukiwa na kelele zake na makosa yake ya ngeli, yafaa kuliko muhula mzima wa kujibu nani, wapi na lini.

Na mwalimu asikihame kimondo upesi, kwani hapa ndipo tunapokosea tunapowarusha watoto kutoka habari ya sungura hadi ya ukimwi hadi ya uchaguzi kwa wiki tatu, bila ya uzi wowote. Wiki ya pili wasome juu ya chuma, wajue kuwa wahunzi wa Unyiha na Ufipa walikiyeyusha katika matanuri ya udongo tangu zamani. Wiki ya tatu wasome juu ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China tangu mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita katika mkoa wao wenyewe. Katika majuma hayo matatu chuma, madini, joto, yeyuka, tanuri, mhunzi na uzito yatarudi tena na tena, kila mara katika vazi jingine, na mwisho wake watoto watakuwa wameyapata bila ya kukariri hata moja.

Juu ya kamusi nitasema machache. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, nayo imekwisha rudiwa mara kadhaa. Lakini nakala ikiwapo shuleni aghalabu hufungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na hata ikitolewa mtoto hajui kuitumia, maana akilitafuta neno walisomeshwa chini ya W hatalipata katu. Lazima afundishwe kulivua neno viambishi vyake, kimoja baada ya kingine, hadi abaki na soma, ilhali msomi na kisomo atayatafuta kwa herufi zake za mwanzo kama yalivyo. Ustadi huo ni wa Kiswahili hasa, hautapatikana katika mbinu zilizoletwa kutoka lugha nyingine, na darasa la nne ndio wakati wake.

Lipo jambo moja ambalo najua litawaudhi baadhi ya watu, nami nalisema kwa moyo mkunjufu kwa kuwa nakipenda Kiswahili. Katika shule nyingi mtoto akisikika anasema lugha ya kwao darasani hukemewa, na pengine huadhibiwa, kwa hoja kwamba atachelewa kukijua Kiswahili. Mimi naona kinyume chake. Mtoto wa Kilambya akisoma neno mmomonyoko, akamgeukia mwenziwe na kumweleza kwa Kilambya kuwa ni ule udongo uliochukuliwa na maji kwenye mteremko wa shamba la babu, maana imekwisha ingia. Sasa inabaki kuivika jina la Kiswahili na kuitumia katika sentensi ya Kiswahili, kazi ambayo ni nyepesi. Mwalimu aliyetoka Tanga au Kilimanjaro asiyejua Kindali hapotezi heshima yake kwa kuwaacha watoto waelezane dakika mbili, maadamu baadaye mmoja wao atasimama na kulieleza kwa Kiswahili jambo lile walilokubaliana. Kumnyamazisha mtoto ni kumtaka ajenge juu ya kiwanja ambacho hakijasafishwa.

Yote haya yanahitaji vitabu, na hapa ndipo penye uchungu. Kitabu cha kiada, hata kikiwa bora, hakitoshi kumpa mtoto wingi wa maneno anaouhitaji; sharti kiwepo cha kusoma kwa hiari, cha visa, cha wanyama, cha safari, cha watu wa kale. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948 lilikuwa na taratibu ya kupeleka masanduku ya vitabu katika mahali pasipo maktaba, yakikaa kwa muda kisha yakabadilishwa. Baada ya uhuru huduma za maktaba zikashikwa na bodi yetu wenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1967. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, nao umesaidia hadithi nyingi nzuri za Kiswahili kuchapishwa kwa ajili ya watoto. Vitabu, basi, vimo nchini. Kinachokosekana ni njia ya kuvifikisha kutoka mjini hadi mahali kama Mbebe, na mtu wa kuulizwa iwapo vimefika.

Lile sanduku la zamani halijapitwa na wakati. Halmashauri ya Ileje, yenye makao yake Itumba, ikiwa na masanduku machache ya vitabu teule, kamusi moja ndani ya kila sanduku, inaweza kulikalisha sanduku moja Mbebe kwa muhula mmoja, kisha likaenda Isongole, na la Isongole likaja Mbebe, likichukuliwa na gari lile lile linalokwenda kukagua shule. Na mwalimu mmoja katika kila shule apewe jukumu la daftari la kuazima, vitabu viende nyumbani, virudi vimechakaa kwa kusomwa. Fedha za halmashauri hupangwa na madiwani kabla ya Julai, mwaka mpya wa serikali unapoanza, na ushuru wa mazao ya wakulima wa wilaya hiyo ni sehemu ya fedha hizo. Mzazi wa Mbebe ana haki ya kumwuliza diwani wake, kwa heshima na kwa sauti ya kusikika, ni sehemu gani ya ushuru huo itakayonunua vitabu mwaka huu, vingapi, na vya madarasa gani.